Chombo Kikivunjika, Kilichomo Huwa cha Nani?

Kifaa cha kusomea vitabu pepe hakifi kwa kishindo. Aghalabu kioo chake hupata ufa wa ndani kwa kubanwa mkobani, na nusu ya ukurasa ikaganda pale ilipokuwa. Au betri huchoka, hata chaji iliyokuwa ikikaa wiki mbili ikawa haifiki magharibi. Au tundu la waya huliwa na chumvi, jambo ambalo wakaazi wa visiwani hawahitaji kuelezwa. Mwenyewe hukipeleka kwa fundi wa simu. Fundi hukigeuza mara mbili, husema kuwa spea zake hazipatikani, na hukirejesha kama alivyokipokea. Hapo ndipo linapozuka swali la kununua kingine, na kwa watu wengi swali hilo huja kwa sura moja tu: kipi kilicho rahisi?

Swali hilo halina aibu. Mwalimu wa skuli anayeishi kwa mshahara wake, au mwanafunzi aliyeletewa kifaa chake cha kwanza na shangazi aliyeko Dubai, hawezi kuambiwa kwamba bei ni jambo dogo. Lakini bei ni sehemu tu ya hesabu. Iko sehemu nyengine, ambayo mnunuzi wa mara ya kwanza hakuwa na sababu ya kuifikiria, na ambayo humkabili mnunuzi wa mara ya pili bila ya kumbembeleza: vile vitabu vilivyokuwamo ndani ya kile kilichokufa, je, vitahamia ndani ya hiki? Na kama havihami, vilikuwa vya nani muda wote huo?

Mwenye vitabu vya karatasi hakuwahi kuulizwa swali hili. Kabati likiliwa na mchwa hununuliwa kabati jingine, na vitabu, kama mchwa wamevihurumia, hupangwa upya. Hapana seremala aliyewahi kusema kwamba vitabu vilivyokaa katika kabati lake haviwezi kukaa katika kabati la seremala mwengine. Kwa hivyo kununua kifaa cha pili ni tendo zito kuliko kununua cha kwanza. Cha kwanza hununuliwa kwa hamu. Cha pili hununuliwa na mtu ambaye tayari ana maktaba, au alidhani anayo.

Ifahamike kwanza kitu chenyewe. Wino wa kielektroniki ulitoka katika maabara za chuo cha MIT, Marekani, na kampuni ya E Ink iliyoufanya kuwa bidhaa ilianzishwa mwaka 1997. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na katika kila kimoja mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipitishwa, nyeupe hupanda juu au nyeusi hupanda juu, kisha hubaki pale zilipo bila ya kula umeme tena hadi ukurasa ugeuzwe. Ndiyo sababu kifaa hukaa siku nyingi bila ya chaji, na husomeka barazani kwenye mwanga wa jua ambapo simu hugeuka kioo cha kujitazamia. Udhaifu wake ni kwamba tabaka hilo, katika vifaa vingi vya bei nafuu, limelazwa juu ya kioo chembamba mno, na kukibadilisha aghalabu hugharimu karibu sawa na kununua kifaa kizima.

Sasa bei. Kindle ya kwanza ya Amazon ilitoka Novemba 2007 kwa dola 399. Ile ya kawaida iliyotoka mwaka 2024, yenye kioo cha inchi 6 na nafasi ya gigabaiti 16, ilitangazwa kwa dola 109.99. Tafauti hiyo haikuletwa na maendeleo ya ufundi peke yake. Tangu mwaka 2011 kampuni hiyo imeuza vifaa vinavyoonesha matangazo ya biashara vinapolala, na asiyetaka matangazo hulipa zaidi. Kisha mwaka 2012 mkuu wake, Jeff Bezos, aliliambia shirika la BBC waziwazi kwamba vifaa huuzwa kwa gharama ya kuvitengeneza, wala faida haitafutwi hapo. Hutafutwa katika yale ambayo watu watayanunua baada ya kuwa navyo.

Kauli hiyo ilikuwa ya kweli, na mnunuzi anapaswa kuishukuru kwa ukweli wake, kisha aitafakari. Mvuvi anayesuka dema hafanyi mlango wa kuingilia kuwa mgumu. Kiswahili kinalo neno moja, rahisi, kwa kitu cha bei ndogo na kwa jambo lisilo na uzito kulifanya, na wafanyabiashara wa vitabu pepe wameyaunganisha maana hizo mbili kwa ustadi mkubwa: bei ndogo ya kuingia, na wepesi wa kununua kitabu kwa kugusa kioo mara moja usiku wa manane. Uzito wote umewekwa upande wa kutokea.

Miongoni mwa waliouona uzito huo mapema walikuwa baadhi ya wasomaji wa Marekani, Julai 2009. Walifungua Kindle zao wakakuta vitabu viwili vya George Orwell, *1984* na *Animal Farm*, vimeondoka. Aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo, na Amazon ilipogundua hivyo ilivifuta kutoka mbali, ndani ya vifaa vya watu, na kuwarejeshea fedha zao. Kwamba kitabu kilichofutwa kilikuwa *1984*, ambamo serikali huzitupa kumbukumbu katika tundu la moto, ni kejeli ambayo mtunzi wa riwaya angeona haya kuibuni. Lakini lililo zito zaidi ni jambo dogo: mwanafunzi mmoja wa Michigan alikuwa ameandika maelezo yake pembezoni mwa kitabu kwa ajili ya kazi ya skuli. Maelezo yalibaki, kitabu yaliyokuwa yakikizungumzia hakikuwapo. Bezos aliomba radhi hadharani, mwanafunzi huyo akashitaki, na kesi ikamalizwa kwa mapatano mwaka huohuo.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe, na ilipofika Julai vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wanunuzi walirejeshewa fedha zao kamili. Na yule aliyekuwa ameandika maelezo yake ndani ya vitabu hivyo aliongezewa dola 25. Mtu anaweza kusema kwamba hapana aliyedhulumiwa, kwa kuwa kila aliyetoa alirudishiwa. Basi na afikiriwe jirani anayeingia nyumbani kwa mtu, akachukua kitabu rafuni, akaacha mezani bei yake kamili pamoja na fidia ya mistari iliyopigwa kwa penseli. Fedha ni halali na hesabu haina kasoro, na bado kila mtu angemwita jirani huyo kwa jina lake.

Haki inataka kutaja pia kufungwa kulikofanywa kwa adabu. Sony ilipolifunga duka lake la Marekani ya Kaskazini mwaka 2014, wateja wake walihamishiwa Kobo pamoja na vitabu vyao. Hata hivyo kuhamishwa si kuhama. Aliyehamishwa anategemea uungwana wa anayemhamisha, na uungwana si haki.

Kisheria jambo lenyewe halina mafumbo. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mchapishaji aliyekuwa amechapa ndani ya kitabu onyo kwamba kisiuzwe chini ya dola moja. Duka la Macy's lilikiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema kwamba mchapishaji akishaiuza nakala, hana tena neno juu ya bei ya kuiuza mara ya pili. Juu ya msingi wa namna hiyo ndipo yalipojengwa maduka ya vitabu vilivyotumika, zawadi za vitabu, na kuazimana. Kitabu pepe kimetolewa katika msingi huo kwa neno moja, leseni. Msomaji hauziwi nakala. Hupewa ruhusa ya kusoma, yenye masharti, isiyoweza kupewa mwengine. Mwezi Disemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya duka la Kiholanzi liitwalo Tom Kabinet, ilikataza vitabu pepe vilivyotumika kuuzwa tena bila ya idhini ya mwenye haki. Na tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California inamtaka muuzaji amweleze mnunuzi kwamba anachokipata ni leseni, la sivyo asitumie neno "nunua". Ilichukua zaidi ya miaka 17, tangu ile Kindle ya kwanza, kwa jimbo moja kulazimisha kitufe kiseme kweli.

Wako watakaosema kwamba malalamiko haya ni ya kizamani. Anayelipa kiingilio cha taarabu hadai kurudi nyumbani na ukumbi. Alilipia usiku mmoja, akaupata. Kwa nini kitabu kisiwe hivyo? Hoja hii ina nguvu kuliko inavyokubaliwa na wapenzi wa vitabu, kwani riwaya nyingi husomwa mara moja, na aliyezisoma hana hasara zikipotea. Lakini anayelipa kiingilio cha taarabu anajua kuwa analipia usiku mmoja. Tena, shairi si kitu cha usiku mmoja. Diwani husomwa kwa kurejewa. Ubeti uliosomwa na kijana wa miaka 20 hauelezi lolote mpaka awe na miaka 45 na amezika mtu. Mwenye kusoma mashairi anahitaji umiliki kwa sababu anahitaji muda, na muda ndio ambao mwenye leseni hana mamlaka nao. Wahenga waliposema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo hawakuwa na vitabu akilini, lakini anayeyajua masharti ya leseni hataona tabu kuelewa.

Pana upande mwengine wa haki, na si adabu kuupita mbio. Kufuli liliwekwa ndani ya faili kwa hoja ya kumlinda mwandishi, na mwandishi wa Kiswahili anajua kwa nini. Diwani hutolewa kwa gharama ya mtunzi mwenyewe, kisha nakala moja ikafika kwenye mashine ya fotokopi karibu na skuli, na darasa zima likasoma bila ya mtunzi kuambulia hata nauli ya daladala. Siku hizi kazi ya mashine ya fotokopi hufanywa na kundi la WhatsApp kwa nusu dakika. Msomaji anayelilalamikia kufuli la kampuni huku akisambaza PDF ya mshairi aliye hai hana hoja. Ana njaa tu.

Lakini ni lazima pande mbili zitafautishwe. Kuna deni la msomaji kwa mwandishi, na kuna deni la msomaji kwa aliyetengeneza chombo. La kwanza ni la kweli, na hulipwa kwa kununua na kwa kutogawa kisicho chako. La pili limezuliwa. Mwandishi hana hasara yoyote ikiwa kitabu chake kilicholipiwa kitasomwa leo katika kifaa cha kampuni hii na mwakani katika kifaa cha kampuni ile. Msomaji ni yuleyule, fedha zimeshalipwa. Anayezuiwa hapo si mwizi bali ni mhamaji. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kwa jumla inakataza kuvunja kufuli la namna hiyo hata kwa mtu aliyekinunua kitabu, na hapo sheria na haki zimepishana njia. Wapo wachapishaji walioliona jambo hili: Tor, ambao ni maarufu kwa riwaya za sayansi ya kubuni, waliondoa makufuli katika vitabu vyao mwaka 2012, na bado wanauza.

Pwani hii ina hoja yake ya zamani, na haikutoka kwa wanasheria. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa takriban mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu na katika karatasi za hati ya Kiarabu, hadi mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuzieleza, akishirikiana na mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor. Karatasi hizo ziliishia London. Na mwaka 1940 William Hichens akatoa *Diwani ya Muyaka*, iliyochapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mtu na avihesabu vyombo: kifua, kalamu, karatasi, sanduku la safari ya meli, maktaba, mashine ya chapa. Vingi katika hivyo viliharibika, na kila kilipoharibika kimoja kilichomo kilikuwa kimeshahamia chengine. Katika hatua zote hizo hapana aliyelazimika kuomba ruhusa kwa mtengeneza karatasi.

Na tafauti na wengi wanavyodhani, wazee hao hawakuwa watu wa kuacha vitabu vizagae bila ya mwenyewe. Miongoni mwa hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambazo zimepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mna vitabu vilivyoandikwa kuwa ni wakfu: havitauzwa wala havitarithiwa, vitasomwa na wanafunzi. Mtu alikuwa na kitabu, akaamua kwa hiari yake kujivua umiliki wake kwa ajili ya wengine. Fikihi inataka kwanza awe anakimiliki, kwani mtu hawezi kuweka wakfu asichokuwa nacho. Mwenye leseni ya vitabu 300 hana hata kimoja cha kuweka wakfu. Ukarimu wake umefungwa pamoja na vitabu.

Kwa mpenzi wa mashairi kifaa kina jaribio jengine, ambalo wauzaji hawalitangazi. Maandishi ya kitabu pepe cha kawaida hutiririka: herufi zikikuzwa, mistari hujipanga upya. Kwa riwaya ni neema. Kwa shairi la mizani 16 ni balaa. Mshororo wenye vipande viwili vya mizani 8 huwa na herufi zipatazo 40 pamoja na nafasi. Kioo cha inchi 6 huweza kuubeba kwa herufi ndogo, lakini mzee anayekuza herufi ili asivae miwani ataukuta umekatwa katikati ya kipande cha pili, neno la mwisho limeanguka chini peke yake, na kina cha kati hakionekani tena kimesimama juu ya chenziwe. Sikio litakitafuta na kukipata, kwa kuwa shairi la Kiswahili liliundwa kwa sikio. Ila jicho limeibiwa. Utenzi, wenye vipande vifupi vya mizani 8, husalimika. Dawa ya bei ndogo ni kukilaza kifaa ubavu, kwa kuwa vingi huruhusu ukurasa ulale kwa upana, na mshororo ukapata nafasi. PDF huhifadhi sura ya ukurasa kama ilivyochapwa, ila katika inchi 6 herufi huwa kama punje za mchele, na vifaa vya inchi 10 ni ghali.

Kwa hivyo basi achague nini, yule aliyerejeshewa kifaa kilichokufa na fundi? Bei zisimtishe sana wala zisimlevye. Kobo, kampuni iliyoanzia Toronto mwaka 2009 na kununuliwa na Rakuten ya Japani, ilitangaza Clara BW yake mwaka 2024 kwa dola 129.99, yaani dola 20 juu ya Kindle ya mwaka huohuo. Kwa dola hizo 20 mnunuzi anapata kifaa kinachosoma moja kwa moja faili za EPUB, ambao ni mfumo wa wazi, usio mali ya duka moja. Anakiunganisha na kompyuta kwa waya na kutia humo alichonacho. Mwaka huohuo Kobo iliafikiana na iFixit kutoa vipuri na maelekezo ya kutengeneza vifaa vyake vipya, jambo ambalo kwa mtu aliyeko mbali na maduka rasmi lina thamani kuliko rangi ya kioo. Isidhaniwe kuwa Kobo ni malaika; nayo huuza vitabu vyenye makufuli. Ila imeacha dirisha wazi, na mwenye dirisha si sawa na asiye nalo.

Kindle nayo isitukanwe bure. Ni imara, na tangu mwaka 2022 huzipokea faili za EPUB kwa kutumiwa kupitia huduma ya kampuni yenyewe, ambayo huzigeuza. Lakini Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua katika kompyuta vitabu vilivyonunuliwa na kuvihamisha kwa waya, njia ambayo wengi waliitegemea ili kuweka akiba. Mwenye vitabu vingi vilivyonunuliwa huko ana sababu ya kweli ya kununua Kindle nyengine: vitabu vyake havihamii kwengine. Ni sababu ya haki, na ni sababu ya mateka. Anayeifuata asijilaumu, ila aifahamu, na pengine aanze tokea siku hiyo kununua vipya mahali pasipo na kufuli, ili mara ya tatu awe huru zaidi kuliko ya pili.

Kilichotumika ndicho cha bei ndogo zaidi, na kinafaa, kwa sharti kwamba muuzaji amekiondoa kwanza katika akaunti yake mbele ya macho ya mnunuzi. Kilichoripotiwa kuibiwa hakisajiliki tena. Na kama mfuko hauruhusu chochote, simu iliyo mkononi tayari husoma EPUB kwa programu za bure. Macho yatachoka na ujumbe utakatiza ubeti, lakini vitabu vitakuwa vya mwenyewe.

Katika yote haya jaribio linalotosha ni moja, na laweza kufanywa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mnunuzi achukue faili moja aliyo na haki nayo, tuseme tungo zake mwenyewe alizozipiga chapa. Aitie ndani. Aisome. Kisha aitoe na kuitia katika kifaa cha mtu mwengine. Programu ya bure ya Calibre, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Kovid Goyal na inayotumika hadi leo, humsaidia katika kazi hiyo, na humwekea orodha ya vitabu vyake katika kompyuta, mahali ambapo kufa kwa kifaa hakuhusiki. Faili ya maandishi matupu ya diwani nzima aghalabu haifiki megabaiti moja. Maktaba ya maisha ya mtu hukaa katika kijiti cha kumbukumbu kinachouzwa kwa bei ya sahani ya biriani. Haya ndiyo malipo madogo kuliko yote katika hesabu hii, na ndiyo ambayo watu wengi huyaahirisha.

Limebaki suala la kifaa kinachoishi kuliko mwenyewe. Mzee aliyesoma kwa Kindle miaka kumi amefariki, na mwanawe anakiona juu ya mto. Vitabu vilivyomo havimo katika mirathi, kwa kuwa havikuwa mali; hakuna wa kugawiwa thumuni wala sudusi. Kifaa chenyewe, plastiki na kioo, ni mali halali, lakini kikiondolewa katika akaunti ya marehemu ili kisajiliwe kwa jina la mrithi, vitabu vilivyonunuliwa kwa akaunti hiyo huondoka, na mistari aliyoipigia chini inakosa pa kusimama. Mwana anaweza kukiacha kama kilivyo. Anaweza kuizima intaneti yake, akakichaji mara moja kwa mwezi, na kukifungua pale ambapo baba aliachia, katikati ya shairi, penye neno ambalo aliliandikia maelezo mafupi kwa herufi ndogo. Na kufanya hivyo kila mwezi, maadamu betri inakubali.